Ratiba Iwafunge Wakubwa

Tanga

Mwanangu mpenzi,

 Baada ya kumshukuru Mola aliyekutoa arobaini salama wewe na mwanao, nimeisoma kwa utulivu ile ratiba uliyonitumia ukitaka rai yangu. Imepangwa kwa bidii: anyonye kila baada ya saa 3, dakika 15 kila ziwa, usiku mara moja tu, na akifika mwezi wa nne aanze uji, asubuhi na jioni. Rai yangu nitakupa bila kuzungukazunguka. Nusu ya kwanza ya ratiba hiyo ni kali mno, na nusu ya pili ni legevu mno. Inambana mtoto mchanga ambaye mwili wake unazijua saa zake kuliko sisi, kisha inamwacha mtoto wa mwaka mmoja ajitegemee katika nyumba inayopika mara mbili kwa siku. Ratiba ya kumlisha mtoto ni jambo jema. Ninachodai ni kwamba wa kufungwa nayo ni sisi wakubwa, na makosa mengi ya ulishaji yanatokana na kumfunga nayo mtoto.

Kunyonyesha kwa kutazama saa ya ukutani hakukuletwa na bibi zetu, wala hakumo katika dini. Aliyekueneza kwa nguvu ni daktari wa New Zealand, Frederic Truby King, ambaye mwaka 1907 alianzisha huko chama cha malezi ya watoto kilichokuja kujulikana kwa jina la Plunket. Alifundisha kwamba mtoto anyonye kila baada ya saa 4 na usiku asipewe kitu, na mafundisho yake yakasambaa katika dola ya Waingereza. Nisimdhulumu marehemu: zama zake watoto walikufa kwa kuhara kulikoletwa na maziwa machafu ya chupa, na usafi alioupigania ulikuwa haki. Lakini kipimo cha saa kiliwafaa wauguzi wenye wodi iliyojaa, na kiliyafaa maziwa ya ng'ombe ambayo mtu huyaona yakipungua kwenye chupa. Ziwa la mama halina alama za kupimia. Kulipangia saa ni kukisia, na kukisia kwa ukali hakugeuki kuwa elimu.

Waliopima badala ya kukisia walipata jambo jingine. Mwaka 2006 watafiti wa Australia Magharibi, Jacqueline Kent na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 71 wa mwezi 1 hadi 6 walionyonya maziwa ya mama tu na kukua vizuri. Walimpima kila mtoto kabla na baada ya kunyonya, mchana na usiku. Wastani ulikuwa kunyonya mara 11 kwa siku, lakini yupo aliyenyonya mara 6 na yupo aliyenyonya mara 18, na wote ni wazima. Kiasi cha maziwa kilitofautiana zaidi: wa chini alipata gramu 478 kwa siku, wa juu gramu 1,356. Tena kunyonya mara nyingi hakukumaanisha kupata maziwa mengi zaidi. Kila mama na mwanawe walikuwa na mwendo wao. Na mtoto hakulikausha ziwa. Kwa wastani alichukua kama theluthi mbili ya kilichokuwemo, akakiacha kilichobaki, kwa kuwa alishiba. Sasa niambie, ratiba moja iliyochapwa itawaenea vipi wa mara 6 na wa mara 18? Mmoja atasumbuliwa usingizini na mwingine atashinda akilia, na mama zao wote wawili wataambiwa kuwa wanakosea.

Kuna madhara yaliyo makubwa kuliko kilio. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Yakikaa ziwani muda mrefu, mwili hupunguza kazi. Mama mwenye ziwa linalobeba mengi anaweza kukaa saa 4 bila tatizo. Mwenye ziwa linalobeba kidogo akilazimishwa kukaa hivyo, siku chache tu maziwa yanapungua kweli, mtoto analia zaidi, na nyumba nzima inasema maziwa hayatoshi. Uji unaingia mapema. Uji ukiingia, ananyonya kidogo zaidi, na maziwa yanazidi kupungua. Mara nyingi ule upungufu unaolalamikiwa umetengenezwa na ratiba yenyewe. Kujua kama anatosheka usitazame saa. Tazama nepi, maana mtoto aliyevuka siku zake za kwanza akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku anapata. Na utazame kadi ya kliniki kama mstari wa uzito unapanda.

Na hapa nigusie jambo ambalo wakwe zako hawatalisema mbele yako lakini wanaliwaza. Sisi watu wa pwani tunaogopa mtoto kubemendwa, na mama akishika mimba wakati ananyonyesha, mtoto huachishwa ziwa haraka na kila ugonjwa wake husemwa umetokana na hilo. Sitabishana nawe juu ya imani yenyewe. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyeachishwa ghafla kabla ya wakati hudhoofika kweli, kwa kukosa maziwa na kwa kukosa chakula cha kuyafidia, na mimba za kufuatana zinamchosha mama. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba mama anayenyonyesha kikamilifu, ambaye hajaanza kupata hedhi na mtoto wake hajatimiza miezi 6, ana kinga ya mimba inayozidi asilimia 98. Kinga hiyo inategemea kunyonyesha mara kwa mara, pamoja na usiku. Ratiba yako inayopunguza maziwa ya usiku inaipunguza na kinga hiyo. Wanaoogopa kubemendwa wangekuwa wa kwanza kuichana karatasi hiyo.

Utaniambia kwamba mtoto anayepewa ziwa kila akitaka atadeka, na kwamba wewe nawe unahitaji usingizi. La kudeka ni maneno ya watu wazima. Mtoto wa miezi miwili hana hila, ana tumbo dogo na maziwa yanayomeng'enywa upesi. La usingizi ni la haki, na dawa yake ni wengine nyumbani kukupunguzia kazi, ulale pale anapolala. Wapo watakaosema analia kwa chango, wakuletee maji ya dawa, na wapo watakaosema joto la kaskazi linataka maji. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na yanatosha hata Tanga ya mwezi wa Februari; mwenye kiu anyonye, na mwenye kuhitaji maji ni wewe. Uji wa pilipili manga waliokupikia katika arobaini yako ulikuwa wako peke yako, na ndivyo inavyotakiwa.

Nikiri kwamba wapo wachanga wanaohitaji saa. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo, au mwenye manjano anayelala mno, hana nguvu ya kudai. Huyo huamshwa kila baada ya saa 2 au 3 kama mkunga alivyoelekeza. Lakini hata hapo saa inamfunga mama aamke, haimzuii mtoto kunyonya. Ndiyo hoja yangu ileile.

Sasa nije kwenye kazi, maana najua ndiko ratiba yako ilikozaliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 ungejifungua mapacha. Wataalamu wa afya wanataka mtoto anyonye tu kwa miezi 6, ambayo ni siku 180 na ushei. Kati ya sheria na afya pana siku 96 ambazo hakuna aliyekupangia. Hizo ndizo zinazotaka ratiba, na ratiba hiyo ni ya mwajiri wako, ya bwana wako, na ya binti atakayebaki na mtoto. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kinamama wengi hawaijui haki hiyo, na wanaoijua huona haya kuidai. Dar es Salaam saa 2 zingeliwa na foleni. Tanga zina thamani yake: kutoka ofisi za mjini hadi Makorora au Sahare ni dakika chache za bajaji. Unaweza kurudi adhuhuri ukanyonyesha, au mtoto akaletwa kwako, au ukazigawa moja mchana na moja jioni ukatoka mapema.

Kwa muda ambao hutakuwepo, maziwa yakamuliwe. Yakamue kwa mkono safi kwenye chombo kilichochemshwa, na apewe kwa kikombe kidogo. Chupa na chuchu yake ni ngumu kusafisha na humfundisha kunyonya kwingine. Hesabu inayotumika ni kwamba maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto la nyuzi 25, na kwenye jokofu hadi siku 4. Miezi ya kaskazi joto la mji wetu linapita nyuzi hizo, kwa hiyo bila jokofu au barafu usiyategemee kwa asubuhi nzima. Na kwa kuwa mji wetu una maziwa ya ng'ombe tele, utaambiwa uongezee hayo kidogo. Mtoto chini ya miezi 6 hayamfai. Baadaye yatakuwa neema, yakichemshwa.

Anza basi kukamua wiki mbili kabla ya likizo kwisha, na umzoeze binti kutumia kikombe ungali nyumbani. Alfajiri, kabla ya kutoka, adhuhuri, ukirudi, na usiku kucha kila anapotaka: hiyo ni minyonyo inayofika idadi ya kutosha hata ukiwa mfanyakazi. Usiku unaoubana kwenye karatasi yako ndio utakaokubeba mchana ukiwa ofisini.

Kuhusu uji wa mwezi wa nne, usimlaumu mama mkwe wako. Hakutunga. Kliniki zilimwambia hivyo, kwani hadi mwaka 2001 ushauri wa kimataifa ulikuwa miezi 4 hadi 6, na mwaka huo Shirika la Afya Duniani ndipo lilipoamua iwe 6 baada ya kupitia tafiti upya. Ongea naye kama mtu aliyefuata elimu ya wakati wake, umweleze kwamba elimu imesogea. Mkianza vita vya nani mjinga, mtoto atapewa uji wewe ukiwa kazini, nawe hutajua.

Lakini siku atakayotimiza miezi 6, mwanangu, badilika. Hapo ndipo wengi wetu, tuliochosha macho kwa kumtazamia saa mtoto mchanga, tunapoiweka saa kando, na hapo ndipo ilipoanza kuhitajika. Ukuaji wa watoto katika nchi kama zetu hauanguki miezi ya mwanzo peke yake. Unaanguka sana kati ya mwezi wa 6 na wa 24. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kutoka 34 katika utafiti wa 2015 na 2016. Na usidhani ni njaa ya mikoa kame tu. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi mahindi, ndiyo iliyoongoza. Iringa ilifika watoto 57 katika 100. Maradhi yana sehemu yake, maji machafu yana sehemu yake, lakini ghala lililojaa halijamlisha mtoto kama hakuna aliyepewa jukumu la kumpikia saa 4 asubuhi.

Fanya nami hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo inayonisadikisha kuliko mawaidha yote. Tumbo la mtoto hubeba kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya mwili wake. Wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 atakula gramu 300 kwa wakati mmoja, asizidishe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto wa umri huo anayenyonya kiasi cha kawaida anahitaji kalori 550 kutoka kwenye chakula. Uji mwepesi wa kunyweka kwa kikombe hutoa kama kalori 40 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo tumbo likijaa uji huo limepata kalori 120, na kufikisha 550 atahitaji kulijaza karibu mara 5 kwa siku. Ratiba yako ina uji mara 2. Amepata 240, hajafika nusu, na anaonekana ameshiba kwa sababu tumbo limejaa maji. Hatalia. Huo ndio ubaya wa njaa ya umri huu: haina sauti kama ya mchanga. Mchanga akipungukiwa ataamsha mtaa mzima. Wa mwaka mmoja akipungukiwa kwa miezi atakaa kimya, acheze kidogo, awe mfupi kuliko inavyompasa, na watu wamsifu kwa upole.

Uji ule ukiwa mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, gramu 100 zikatoa kalori 80, hesabu inabadilika: kila mlo unatoa 240 na mara 3 zinatosha na kubaki. Unaona kwamba idadi ya milo na uzito wa uji ni jambo moja. Anayekuambia umlishe mara kadhaa bila kukuuliza unampa nini hajakuambia kitu. Na pwani tuna namna ya kuunenepesha uji bila kuujaza unga tu. Tui zito la nazi, au mafuta kijiko cha chai, ambacho peke yake kina kama kalori 40. Dagaa au uduvi waliokaushwa wakasagwa, tena uduvi wa kwetu ni rahisi kuliko kopo lolote la dukani. Samaki aliyechambuliwa miiba, ini, yai, kunde zilizopondwa, boga, kisamvu, embe na papai, machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto zinazoteremka kila siku. Unga wa muhogo peke yake uuogope. Unashibisha na hauna protini ya kutaja, na akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto imekwisha kufikia miezi 6.

Njia nyingine imechunguzwa hapahapa nchini. Mwaka 1983 Alwin Mosha na Ulf Svanberg walichapisha kazi yao juu ya unga wa nafaka iliyooteshwa, yaani kimea. Kijiko kidogo cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito uliopikwa, uji hulainika ukamezeka vizuri bila kuongezwa maji, na nguvu yake inabaki ndani. Usikitilie shaka kwa sababu ya jina. Kinachoharamisha ni kuchachuka kuwa pombe, na uji huo hauchachuki. Ule unga wa lishe wa dukani wenye nafaka saba ndio ninaoutilia shaka mimi. Mahindi na karanga zilizovunda hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ikishasagwa ndani ya mchanganyiko huioni. Nunua punje, zichambue kwa macho yako, kisha usage.

Idadi ya milo inayotakiwa ni hii: miezi 6 hadi 8, milo 2 au 3, kuanzia 9 hadi 23, milo 3 au 4, na kitu kidogo katikati mara 1 au 2, huku akiendelea kunyonya. Hatujaanza leo kulijua hili. Mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Italia, uliwapima watoto kijijini na kuuliza mbele ya wote kwa nini huyu hakuongezeka. Jibu mojawapo lililorudi mara kwa mara lilikuwa hilo: mama yuko shambani, mtoto anakula mara mbili kama wakubwa. Vijiji vikaweka mahali pa kuwalisha watoto mama wakiwa kazini, na utapiamlo mkali ukashuka kutoka kama asilimia 6 hadi chini ya 2 katika miaka mitano hivi. Kwamba mkoa huohuo mwaka 2022 uliongoza kwa udumavu hakufuti ushahidi huo. Kunaonyesha tu kwamba ratiba isiyo na msimamizi haijiendeshi.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Watasema ratiba ni mambo ya watu wa ofisini, na kwamba mwanamke wa mwani kule Mkinga atapanga vipi saa ilhali maji ya kupwa yanasogea karibu dakika 50 kila siku, na siku za bamvu anashinda ufukweni? Ni kweli. Ndiyo maana nasema hesabu milo, usiihesabu saa. Bahari inaweza kuusogeza mlo, isiufute. Mlo ulioangukia kwenye maji kupwa uwe na mtu wake, kwa jina: bibi, shangazi, kaka mkubwa aliyetoka shule. Nasi watu wa mjini tunayo saa nzuri zaidi ya ile ya simu. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na adhana hazisogei sana mwaka mzima. Uji wa asubuhi, tunda saa 4, chakula cha kweli adhuhuri, kitu kidogo baada ya alasiri, chakula cha usiku kabla ya isha: hakuna mlezi atakayesema hakusikia.

Mwezi wa Ramadhani utazame mbele mapema. Jiko linalala mchana, nguvu zote zinangojea futari, na mtoto wa mwaka mmoja anafungishwa bila kunuia. Amepewa chai ya rangi na kipande cha mkate wa jana akingoja magharibi, na chai hiyo inazuia hata kile kidogo cha chuma kisiingie mwilini. Pika sufuria yake mwenyewe, mchana, kila siku ya mwezi. Siku nyingine zote za mwaka mpe bakuli lake hata mkila sinia moja. Kwenye sinia mwenye mkono mdogo hushindwa, na hakuna anayejua amekula tonge ngapi.

Ukishaweka chakula mbele yake kwa wakati wake, kazi yako imekwisha. Cha kula kiasi gani ni chake. Wapo wanaomlaza mtoto mapajani na kummiminia uji kinywani hadi uishe. Hilo ni hatari kwa pumzi yake na linamfundisha kukichukia chakula. Daktari Clara Davis wa Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, aliwaachia watoto 15 wajichagulie wenyewe katika vyakula 34, na wakastawi, ijapokuwa siku moja mtoto alikula hiki tu na kesho kile tu. Wengi huinukuu habari hiyo kuonyesha kwamba mtoto anajua. Wanasahau kwamba mezani hapakuwa na biskuti wala soda. Vyote 34 vilikuwa vyakula vya kweli. Wakubwa ndio waliochagua kinachofika mezani na saa ya kufika, na mtoto akachagua kiasi. Mpangilio huo ndio ninaoutetea tangu mwanzo wa barua hii.

Kuhusu kumwachisha, Surat al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na inaruhusu kuachisha kabla ya hapo kwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili. Kwa hiyo bwana wako hana ruhusa ya kuwa mtazamaji. Mpe mlo wake katika ratiba. Wa usiku utamfaa, kwa kuwa yuko nyumbani.

Usiitupe karatasi yako. Futa saa zote za miezi 6 ya mwanzo, na mahali pake uandike majina ya watakaokusaidia. Kisha ujaze ukurasa wa pili ambao umeuacha mtupu: mlo, kilichomo, na nani anaulisha. Na kabla ya hayo yote, mwandikie mwajiri wako wiki hii, kwa maandishi na kwa adabu, ukiomba saa zako 2 za kunyonyesha kuanzia siku utakayorudi kazini, ukitaja sheria na kifungu chake. Baki na nakala.

Wasalaam,
Shangazi yako